Kula Ni Haki ya Kila Mwananchi

Wimbo ulifika nyumbani kwa Masele siku nne kabla ya sikukuu ya mavuno. Ulibebwa na mkewe Malimi pamoja na ndoo ya maji kutoka ziwani. Ndoo aliitua. Wimbo ukamkaa kooni.

"Mbona umenuna?" Masele aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipaka mafuta mpini wa jembe la kuchezea ngoma, jembe ambalo shambani halijawahi kufika hata kwa bahati mbaya.

"Kaka yangu ametunga wimbo."

"Shigela hutunga kila mwaka. Mwaka jana alitunga watu wakasinzia wamesimama."

"Huu hawatasinzia. Huu ni wa mama yako."

Kule jikoni, ndani ya moshi, mtu alikohoa. "Ananisifia nini?" sauti ikauliza.

Hiyo ilikuwa sauti ya Kashindye, mama yake Masele, mjane wa miaka sabini na kitu. Kitu chenyewe hakukitaja kwa mtu. Miaka thelathini alikuwa akinunua sangara mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na kuwabanika kwa moto wa kuni mbichi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi ule ulimlipa kwa kumpa macho mekundu kama pilipili iliyoiva. Kwingine macho hayo hupelekwa kwa daktari. Kijijini Igombelo hupelekwa kwenye baraza la wambea.

Malimi hakutaka kuimba, akasema maneno tu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Macho ya moto yameangalia zizi, ndama ameanguka. Macho ya moto yameangalia ziwa, nyavu zimerudi tupu. Mnamjua, mnanunua samaki wake, ngojeni niwatajie jina.

"Na jina?" Masele aliuliza.

"Jina atalitaja siku yenyewe uwanjani. Ndiyo utamu wa wimbo, anasema."

Masele aliweka jembe chini. Asiyejua ngoma za Usukuma angesema wimbo ni upepo tu. Lakini sheria ya ngoma ilikuwa hivi: nyumba mbili, Bagika na Bagalu, hucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, zikitazamana. Jaji hakuna. Watu wenyewe hutembea kwa miguu yao kwenda wanakopenda, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wimbo wa aliyeshindwa hufia palepale uwanjani. Wimbo wa mshindi hurudi na watu nyumbani, huimbwa kwenye palizi, kwenye mikokoteni, kwenye harusi, mwaka mzima. Masele alikuwa kiongozi wa Bagika. Shigela, shemeji yake, aliongoza Bagalu.

Kijiji cha pili, miaka miwili nyuma, bibi mmoja aliimbwa mwezi wa saba. Mwezi wa tisa alikutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga. Waliomkata hawakujulikana. Walioimba walijulikana wote, lakini kuimba si kosa.

"Nitamshinda," Masele alisema.

"Na ukishindwa?" Malimi aliuliza.

Jikoni bibi alikohoa tena. "Akishindwa mtanipikia nini siku ya msiba? Maana samaki mmeshawachoka."

Masele akaokota jembe, akaendelea kulipaka mafuta.

*

Kesho yake Malimi alifunga kanga ya pili kiunoni akaenda kwa kaka yake. Shigela alikuwa barazani akila matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na chai. Alimwona dada yake tangu kwenye mkwaju wa barabarani, akaendelea kutafuna.

"Shikamoo, kaka."

Shigela alimwita mkewe. "Rose! Kuna mtu hapa uani. Muulize anauza nini."

Rose alichungulia, akamwona wifi yake, akarudi ndani kwa aibu. Malimi alibaki amesimama juani na shikamoo yake mkononi kama chenji iliyokataliwa.

"Nimekuja kuomba, kaka. Ule wimbo uache. Imba juu ya Masele. Sema hajui kucheza, sema anakoroma, sema mimi ndiye ninayelima. Yote ni kweli. Yule mama mwache."

"Ndama wangu watatu wamekufa."

"Wa jirani yako Machibya wamekufa watano. Ni ugonjwa, bwana mifugo alisema."

"Bwana mifugo ana macho meupe, ataona nini?" Shigela alikunywa chai. "Mwaka jana watu waliniacha wakaenda kwa mumeo. Mimi, Shigela, nikabaki na mbwa na walevi wawili. Unafikiri walikwenda kwa miguu yao? Yule bibi ndiye anayemchanganyia mwanawe dawa ya kuvuta watu."

"Watamuua, kaka."

"Mimi nimesema wamuue? Mimi ni mtunzi." Alipangusa mdomo. "Haya, wewe ni damu yangu. Mwambie mumeo asicheze. Bagika wasikanyage uwanja, na mimi jina silitaji. Nenda. Na hiyo kanga ni ile niliyokununulia mimi, ama?"

Ilikuwa ile ile. Malimi alirudi nayo nyumbani, akaivua, akaitumia kudekia.

*

"Nikikaa nyumbani atacheza peke yake," Masele alisema. "Watu wote watakuwa wake. Halafu nani atamzuia asitaje? Mimi niliyejificha chini ya kitanda?"

"Alisema hatataja."

"Kaka yako alisema pia atarudisha plau yangu ya kulimia."

"Basi tumpeleke mama Nansio kwa dada yako Selina. Meli ipo. Akae huko mpaka wasahau."

Walikuwa wakiongea kama bibi hayupo, naye alikuwa katikati yao akichambua magamba.

"Nikikimbia kabla ya kutajwa," Kashindye alisema, "nimejitaja mwenyewe. Tena bila ngoma. Hata utamu wa kucheza hamtapata."

"Mayo, hili si la mzaha," Masele alisema.

"Nani anafanya mzaha? Mimi siku ya sikukuu nauza samaki. Watu wakishalewa pombe ya sikukuu hawanunui, kwa hiyo nitawahi asubuhi."

"Usiende, mayo! Utakaa pale wakikutazama?"

"Wananitazama kila siku. Tofauti ni kwamba siku hiyo watakuwa wamevaa vizuri."

Masele alitoka nje akapiga teke kuku asiyehusika.

*

Sikukuu ya mavuno ya Igombelo huvuta watu kutoka Magu mpaka Misungwi. Kulikuwa na fahali amefungwa utepe mwekundu shingoni akiwa na hasira za bwana harusi aliyelazimishwa. Kulikuwa na boga kubwa ambalo wenyewe walisema limetoka shamba moja, na kila aliyeulizwa alisema shamba ni lake. Kulikuwa na michembe ya viazi vilivyokatwa na kukaushwa, mpunga, pamba, sungura, na bwana mmoja aliyeonyesha jiko la umeme wa jua siku ya mawingu.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Mfadhili, muuza mbegu kutoka mjini, ndiye aliyetoa yule fahali awe zawadi ya ngoma bora, lakini alikataa habari ya watu kuhesabiwa kwa macho. Alitaka karatasi. Kila mtu mzima achukue karatasi moja aitumbukize kwenye ndoo nyekundu ya Bagika au ya bluu ya Bagalu. Ndoo ziliwekwa chini ya hema la kijani. Na kwa kuwa kivuli kingine hakikuwepo, masufuria ya pilau ya mgeni rasmi na msafara wake yaliwekwa hapohapo, mkono wa pili wa meza ileile.

Msimamizi alikuwa Obedi, mtendaji wa kijiji, kijana mwenye stashahada na suti ya kijivu, aliyekuwa na ndoto ya kuhamishiwa wilayani. Obedi alikuwa na kasoro moja tu. Ulimi wake ulikuwa wa nyumbani, herufi ya r hauijui. Ikija r, unaipokea kwa heshima na kuibadilisha kuwa l. Watu wa Igombelo wengi wako hivyo na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili hiyo. Ila wao huongea hivyo kwa majirani. Obedi alikuwa na kipaza sauti na spika nne.

Kando yake alikaa Favour Akelo, afisa utamaduni wa wilaya, mama wa Kijaluo kutoka upande wa Mara, ambaye r yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Obedi alimwogopa kuliko mgeni rasmi.

Saa saba ngoma zikaanza. Bagika walirusha majembe hewani wakayadaka kwa migongo ya mikono, Masele mbele, jasho linamtoka mpaka kwenye njuga. Watu wakaja kwake. Malimi, aliyesimama karibu na meza ya samaki ya mama mkwe, alihesabu vichwa mpaka akapoteza hesabu. Moyo ukamtulia kidogo.

Ndipo Shigela akapuliza filimbi. Ngoma za Bagalu zikanyamaza zote, ikabaki moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Akaanza.

Macho ya moto yameangalia zizi.

Watu wa Masele waligeuza shingo. Kisha mabega. Kisha miguu. Walihama kimyakimya kama ng'ombe walionusa maji. Masele alirusha jembe juu zaidi, alipolidaka mbele yake walikuwa wamebaki wake za wachezaji, na hata wao walisimama upandeupande.

Macho ya moto yameangalia ziwa.

"Mayo, twende," Malimi alimnong'oneza bibi. "Twende sasa hivi, tupite nyuma ya choo."

Kashindye alikuwa akifunga samaki wa mteja. Karatasi ilimchanikia mikononi. "Chenji yake kwanza," alisema, lakini mteja alikuwa ameshaondoka bila samaki wala chenji, akitembea kinyumenyume.

Mnamjua, watu wakaitikia kwa pamoja. Mnanunua samaki wake. Shigela alinyanyua mkono. Uwanja ukanyamaza ili jina lipite.

Wakati huohuo mgeni rasmi alitazama saa yake, akamwambia Obedi kuwa anaondoka saa nane, na kama kuna kupiga kura zipigwe sasa. Obedi aliruka akakamata kipaza sauti.

"Wananchi! Kula imeanza! Naludia, kula imeanza! Wote njooni hema la kijani! Kula ni bule! Kula ni haki ya kila mwananchi! Ukichelewa, kula yako imepotea!"

Sikio la mwenye njaa halina herufi r. Tena upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kusukuma harufu ya pilau kuelekea uwanjani. Watu walitazama hema, wakaona masufuria, wakaona mvuke. Walioambiwa kila mwaka kwamba chakula ni cha wageni tu, leo wameambiwa ni haki yao. Mtu wa kwanza alikimbia. Wa pili alimpita. Kufumba na kufumbua, Shigela alikuwa amesimama na mkono wake juu na mdomo wazi, mbele yake vumbi tupu.

Alilitaja jina. Lilisikiwa na fahali.

*

Pilau haikudumu. Watu walichota kwa viganja, kwa kofia, kwa ile ndoo nyekundu na ile ya bluu. Mgeni rasmi aliona sahani yake ikipita mbele yake mikononi mwa mama mmoja wa Igombelo, akaingia kwenye gari na msafara wake bila kuaga. Favour Akelo alibaki amesimama na karatasi za kura, uso umekunjamana.

Watu waliposhiba wakapata akili, na akili ikaja na aibu. Wakatazamana, mafuta yanang'aa kwenye vidole.

Shigela alikuja mbio kutoka uwanjani. "Mmejiona?" alipaza sauti. "Mmejiona nyinyi! Nataka kutaja jina lake tu, na watu mia nne wananikimbia kwa mara moja! Nimecheza ngoma miaka ishirini, sijaona. Nani ana dawa ya namna hiyo? Nani?"

Mtu aliyekula pilau ya serikali hupenda sana kuambiwa alirogwa. Inamwondolea mzigo wote.

"Mimi hata njaa sikuwa nayo," mmoja akasema.

"Miguu ilinibeba yenyewe," mwingine akasema, akificha kofia yenye ubwabwa nyuma ya mgongo.

"Ni yule."

Walimfuata pale kwenye meza ya samaki. Wengine waliokota fimbo njiani, bila kuulizana za nini. Wakamzunguka. Kwa sheria ya ngoma, siku hiyo Kashindye ndiye angekuwa mshindi, maana uwanja mzima ulikuwa wake.

Masele alijipenyeza na jembe lake la ngoma. Vijana wawili walimnyang'anya na kumkalisha chini kwa kumsukuma kifuani, mbele ya wachezaji wake, nao Bagika wakatazama ziwani kama kuna kitu kinapita. Malimi alisimama mbele ya mama mkwe akanyoosha mikono.

"Kaka, mpige huyu kwanza," alimwambia Shigela. "Mpige dada yako ambaye mama alikuachia umtunze."

"Toka, Malimi. Hayakuhusu."

"Bibi mchawi!" mtu akasema kutoka nyuma, mahali salama.

Kashindye alisimama. Ilimchukua muda, akijishikilia kwenye meza. "Marahaba," alisema, "ingawa hujaniamkia. Nina swali moja. Mlipokimbia kwenda kula, mliitwa na nani?"

Walificha vidole vyenye mafuta.

"Wewe Machibya, una ubwabwa kwenye ndevu. Nani alikuita?"

"Spika," Machibya alisema, akijifuta.

"Spika ya nani? Mimi nina spika? Mimi hata simu yangu haiongei. Basi tumfuate mwenye spika atuambie alisema nini. Akisema hakuwaita, nipigeni. Samaki mgawane."

Hilo lilikuwa jambo la haki, na tena lilikuwa na utamu wa kutazama. Kundi likasogea naye, fimbo na yote, mpaka jukwaani. Obedi alikuwa amejikunja nyuma ya spika akijifanya anatengeneza waya. Tangu mwanzo alikuwa amesikia kila neno. Alijua kosa ni la ulimi wake. Alijua pia kwamba Favour Akelo alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na barua ya kuhamishiwa wilayani ingepitia mikononi mwa mama huyo.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda nyumbani, mambo yatatulia."

"Marahaba, mjukuu. Waambie watu uliwaita kwenye nini."

"Bibi, usiniingize mimi."

"Mtendaji," Favour alisema, "hata mimi nataka kujua. Nani aliruhusu watu wale chakula cha mgeni rasmi?"

Obedi alinyoosha koti la suti. "Ni vulugu tu za wananchi, mama. Labda kweli kuna mambo ya kienyeji hapa."

Alisema hivyo bila kumtazama bibi. Fimbo zikasogea hatua moja. Masele alianza kulia kwa sauti.

Kashindye alimtazama Obedi kwa macho yale mekundu, kisha akageukia watu. "Mwacheni. Kijana hakusoma. Vyeti ni vya kununua. Aliambiwa aseme maneno ya kitaalamu yakamshinda, akasema ya njaa yake."

"Nani hakusoma?" Obedi aliuliza.

"Wewe. Hujui hata ulitangaza nini. Sauti yenyewe ya mwizi wa kuku."

Suti ya kijivu ilifura. Obedi alinyakua kipaza sauti, kilichokuwa bado kinawaka, na spika zote nne zikanguruma mpaka ziwani. "Mimi nina stashahada ya utawala! Wananchi, nisikilizeni! Mimi sikusema kula! Nilisema kula!"

Watu walikunja nyuso wakitafuta tofauti.

Favour aliinua nyusi. "Rudia, mtendaji. Hukusema nini, na ulisema nini?"

"Sikusema kula ya mdomo! Nilisema kula ya kalatasi!"

Machibya ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka ubwabwa wa mwisho ukamtoka puani. Kisha akina mama, kisha vijana wenye fimbo, ambao walizitumia kuegemea ili wasianguke. "Kula ya kalatasi!" walipiga kelele. "Bule!" Mpiga ngoma mmoja wa Bagalu, wa Shigela mwenyewe, alishindwa kuvumilia, akayapigia mdundo maneno yale. Watu wakaitikia. Shigela aliwapigia kelele wanyamaze, akawatukana, akampiga mpiga ngoma wake kofi. Hawakumsikia.

Malimi hakucheka. Alimshika mama mkwe mkono wakapita katikati ya watu wanaocheka. Njia ilifunguka kwa urahisi, ila mama mmoja alimvuta mwanawe asiguswe na kivuli cha bibi.

*

Siku ya tatu baada ya sikukuu, asubuhi, Obedi alifika nyumbani kwa Masele. Hakuvaa suti. Njiani alikuwa amepita shamba la pamba, na waliokuwa humo walimwimbia tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho wake. Mwaloni walimwimbia. Watoto wa shule walimwimbia, na mwalimu wao aligeukia ubao mabega yakimtikisika.

Hakuamkia. Alisimama mlangoni mwa jiko, moshi unamwingia machoni, naye macho yakaanza kuwa mekundu.

"Umeniua, bibi. Mama Akelo ameandika lipoti. Mwaka mzima wataniimba. Mwaka mzima! Mimi nilikukosea nini?"

"Ulisema kuna mambo ya kienyeji."

"Niliogopa kazi yangu."

"Najua." Kashindye aligeuza sangara mmoja kwenye wavu, akamwangalia tumboni kama ameiva. "Ndiyo maana nilikuchagua wewe, mjukuu wangu. Wewe watakucheka. Mimi wangenikata."

Obedi alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nitahamishwa. Nitapelekwa sijui wapi."

"Hama," bibi alisema. "Utafika una shingo."